Siku ya ndoa na siku ya jibu: historia ya kuachana wakati dosie ya Marekani ingali inangoja

Wandugu wasomi, kuna swali moja linazunguka sana kati yetu siku hizi, juu karibu kila jamaa ya huku Kivu iko na mtu ng'ambo. Mtu amefunga ndoa na raia wa Marekani, ao na mkimbizi wa kwetu aliyekwisha kupata makaratasi kule. Dosie imewekwa, imekaa mwaka, imekaa miwili, na katikati ndoa inaanza kupasuka. Sasa anauliza: tukiachana leo, dosie inakufa? Majibu yanatoka pande zote. Mmoja anasema kila kitu kinakufa siku ile bwana ao bibi anapohama nyumba. Mwingine anasema hapana, ukishawekewa dosie ni yako, hakuna mtu wa kukunyang'anya. Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa namna yake.

Mimi nilisomea udongo na mimea, sikusomea sheria. Lakini sheria ni sawa shamba la zamani: usipojua nani alilima mbele yako na aliogopa maji ya upande gani, hutaelewa kwa nini mifereji imepita pale ilipopita. Njo maana nitapita njia ya historia.

Neno ambalo ninataka lishikwe ni hili. Sheria ya Marekani inauliza maswali mawili juu ya ndoa, na inayauliza kwa siku mbili tofauti. La kwanza linaangalia siku ya ndoa: hawa wawili walitaka kweli kuishi pamoja, ao walitafuta makaratasi tu? La pili linaangalia siku ya jibu: leo hii, mbele ya sheria, wangali bwana na bibi? Iliwachukua zaidi ya miaka hamsini kuyatenganisha hayo maswali, na watu wengi waliumia katikati.

Hapo mwanzo hakukuwa dosie ya ndoa hata kidogo. Sheria ya mwaka wa 1855 ilisema mwanamke mgeni akiolewa na Mwamerika anakuwa Mwamerika palepale, bila kuomba kwa mtu. (Ni kusema mwanamke mzungu, juu wakati ule mtu mweusi hakuweza kupewa uraia.) Mwaka wa 1907 Kongre ikaongeza upande wa pili: mwanamke wa Marekani akiolewa na mgeni, anapoteza uraia wake na kuchukua ule wa bwana. Ethel Mackenzie alizaliwa California na aliendelea kukaa kulekule, lakini mwaka wa 1909 aliolewa na mwanaume wa Uingereza. Wanawake wa California walipata haki ya kupiga kura mwaka wa 1911; alipokwenda kujiandikisha, walimurudisha: wewe siyo wa hapa tena. Alipeleka maneno mpaka Korti Kuu ya Marekani, na mwaka wa 1915 akashindwa.

Sasa muangalie divorsi ilifanya nini katika sheria ileile ya 1907. Mwanamke Mwamerika, ndoa yake na mgeni ikivunjika, aliweza kurudilia uraia wake. Na mwanamke mgeni aliyepata uraia kwa kuolewa na Mwamerika, ndoa ikivunjika, alibakia nao kama aliendelea kukaa Marekani. Sheria ile ilikuwa mbaya, ilimufanya mwanamke kuwa sawa mzigo wa bwana. Lakini divorsi yenyewe haikumufukuza mtu katika inchi. Hofu hiyo ilikuja nyuma, na ilikuja na hesabu.

Mwaka wa 1921, na zaidi mwaka wa 1924, Marekani ilifunga mlango. Kila inchi ikapewa idadi ya watu wanaoweza kuingia kwa mwaka, na idadi ile ilikuwa ndogo sana kwa watu wa Ulaya ya Kusini na ya Mashariki. Watu wa Asia karibu wote walifungiwa kabisa. Bibi wa raia aliwekwa nje ya idadi ile. Bwana wa raia, hapana, alipashwa kungoja zamu yake. Wanaume walianza kuhurumiwa kidogo tu mwaka wa 1928. Na ili bibi apite, raia mwenyewe alipashwa kuandika ombi kwa serikali, kuapa kwamba huyu ni bibi yake. Hapo njo dosie ilizaliwa. Tangu siku ile kuna mwenye kuomba na kuna mwenye kuombewa, na sheria inamujua kwanza yule mwenye kuomba. Dosie ni mali yake. Anaweza kuiweka, na anaweza kuitosha kwa barua moja. Vitu karibu vyote vibaya ambavyo nitaeleza hapa chini vinatoka katika mpango huo wa mwaka wa 1924.

Mtu akiweka bei juu ya kitu, kesho yake utaona watu wanakiuza. Ndoa na raia ilipopata bei, ndoa za uongo zikaanza, na serikali ikaanza kuwinda. Mwaka wa 1937 Kongre ilipitisha sheria ya kuwafukuza wageni walioingia kwa ndoa ya udanganyifu. Magazeti waliipa jina la sheria ya wanaume wanaolishwa na wanawake. Iliangalia ndoa zilizofutwa na korti tangu mwanzo, na watu walioahidi kuoa kisha, walipokwisha kuingia, wakakataa.

Kisha vita. Tarehe 28 Desemba 1945 ikatoka sheria ya mabibi wa maaskari, ambayo iliwafungulia njia mabibi na mabwana wa wanajeshi wa Marekani bila idadi. Katika njia hiyo njo ilipita kesi ya Lutwak. Jamaa moja yenye asili ya Poland ilikuwa na mama mmoja Marekani, na ndugu zake walikuwa wakimbizi Paris. Walitafuta maaskari wa zamani, wakawapeleka Paris mwaka wa 1947, wakafunga ndoa, wakaingia Marekani, kisha kila mmoja akashika njia yake. Korti Kuu ilikata maneno mwaka wa 1953. Watetezi walisema: ndoa ilifungwa kwa sheria ya Ufaransa, ni ndoa. Korti ilijibu kwamba hiyo haina kazi. Inchi iliyofungua mlango kwa bwana na bibi ilifikiri watu wanaotaka kukaa pamoja, haikufikiri sherehe tupu. Majaji watatu walikataa kuwafuata wenzao.

Kuanzia hapo, maofisa walianza kuchanganya yale maswali mawili. Waliona watu wa Lutwak waliachana haraka, wakafikiri kwamba kuachana njo dalili ya uongo. Na mwaka wa 1965 Kongre ilipobadilisha sheria yote ya uhamiaji, ikaondoa idadi za zamani na kuwaacha mabwana na mabibi wa raia waingie bila mpaka wa hesabu, dosie za ndoa zikawa mingi zaidi. Ofisa anafungua dosie, anaona bwana anakaa hapa, bibi anakaa kule. Anaandika: hii ndoa haiko hai, ombi linakataliwa. Hakuuliza siku ya ndoa ilikuwa namna gani. Hakuuliza kama sheria ingali inawahesabu kuwa bwana na bibi. Alipima tu joto la nyumba.

Hapa njo kesi ya Bark inaingia, na ningependa kila mmoja wetu aijue. Bwana na bibi wa Korea walipendana kwao miaka kadhaa, wakakutana tena Marekani, wakafunga ndoa Hawaii mwaka wa 1969. Ndoa haikuwa tamu. Waligombana, wakatengana. Idara ya uhamiaji ikasema ndoa ilikuwa ya uongo, kwa sababu hawakai pamoja. Mwaka wa 1975 korti ya rufaa ya upande wa magharibi ilisema swali ni moja tu: siku walipofunga ndoa, walikuwa na nia ya kujenga maisha pamoja? Kutengana baadaye kunaweza kusaidia kujibu swali hilo, lakini peke yake hakutoshi. Na majaji waliongeza jambo ambalo mimi naliona kuwa la haki kabisa: mgeni hawezi kulazimishwa kuwa na ndoa yenye kufaulu kuliko ndoa za raia wenyewe. Waamerika wanaachana kila siku. Kwa nini Mkorea akigombana na bibi yake aitwe mwongo?

Mwaka wa 1978, kule Washington, Jaji Harold Greene alikata kesi ya Chan kwa upande huohuo: serikali haina kipimo cha kujua ndoa gani iko na uhai na gani imekauka. Mwaka wa 1979 ikaja kesi ya Dabaghian, mwanafunzi wa Iran, ambayo ni ngumu zaidi kumeza. Alipata kadi ya kukaa daima kwa njia ya bibi Mwamerika, na muda mfupi sana nyuma yake akaomba divorsi. Kisha akaoa mwanamke wa kwao. Idara ilitaka kumunyang'anya kadi. Korti ilikataa: kama siku ya ndoa alikuwa na nia ya kweli, na siku ya kadi alikuwa angali bwana wa mtu kwa sheria, basi kadi ni yake. Najua wengine mutasema huyo kijana alikuwa mjanja. Inawezekana. Lakini majaji hawakupewa kazi ya kupima ujanja.

Mwaka wa 1980 baraza la rufaa la uhamiaji lenyewe likainama. Katika kesi ya McKee lilisema ombi haliwezi kukataliwa kwa sababu tu bwana na bibi wametengana bila karatasi ya sheria. Lakini mwaka uleule, katika kesi ya Lenning, lilikataa ombi la watu waliokuwa wameandikiana mkataba rasmi wa kutengana. Munaona mstari unapita wapi? Kulala nyumba mbili, peke yake, hakuui dosie. Hukumu ya divorsi inaiua. Na karatasi rasmi ya kutengana inaweza kuiua vilevile. Hapo njo yale maswali mawili yalitengana: la kwanza likabaki kwenye nia, la pili likabaki kwenye karatasi.

Kama historia ingesimama hapo, ningesema ni hadithi nzuri. Haikusimama.

Mwaka wa 1985 mkuu wa idara ya uhamiaji, Alan Nelson, aliambia wabunge kwamba karibu asilimia 30 ya ndoa za wageni zilikuwa na udanganyifu. Hesabu hiyo iliwatisha. Baadaye ilionekana kwamba ilikuwa hesabu ya dosie zilizoshukiwa, siyo zilizohakikishwa. Sisi tuliosoma takwimu kidogo tunajua tofauti: ukihesabu mahindi unayoyashuku kuwa na ugonjwa bila kupasua hata shina moja, hujapima ugonjwa, umepima wasiwasi wako. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kutoka. Tarehe 10 Novemba 1986 Prezida Reagan alitia sahihi.

Sheria ya 1986 ilitengeneza kadi ya masharti. Kama ndoa ilikuwa haijatimiza miaka miwili siku ya kupata kadi, kadi ilikuwa ya miaka miwili tu. Katika siku 90 za mwisho, bwana na bibi walipashwa kuandika pamoja, kutia sahihi wote wawili, kwamba ndoa ingali. Bila sahihi ya raia, kadi inakufa. Sasa fikirini nyumba ambamo kuna mtu mmoja mwenye kalamu ya kumupa mwenzake inchi ao kumunyima. Hata bwana mwema anaweza kuharibika na uwezo kama ule. Na wengi hawakuwa wema.

Kongre iliweka mlango mdogo kwa walioachana. Nenda polepole hapa, juu uchungu wote uko katika maneno machache. Mgeni aliweza kuokoa kadi yake akionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, na kwamba ni yeye mgeni aliyeivunja, na kwa sababu nzuri. Yeye mgeni! Raia akikimbilia korti mbele yake na kuomba divorsi kwanza, mlango ule ulifungwa. Na katika majimbo mengi ya Marekani tangu miaka ya 1970 mtu anapata divorsi bila kuonyesha kosa la yeyote, kwa hiyo kuonyesha "sababu nzuri" mbele ya ofisa wa uhamiaji ilikuwa kutafuta karatasi ambayo korti ya ndoa haitoi. Mwanamke aliyepigwa, ambaye hakuwa na feza ya avoka, alibakia katika nyumba ya kumupiga akihesabu miezi 24. Ama bwana aliwahi korti, na bibi akapoteza ndoa na kadi kwa siku moja.

Watu wa vyama vya wanawake na vya wahamiaji walipiga kelele. Mwaka wa 1990, tarehe 29 Novemba, sheria ilirekebishwa: walitosha lile sharti la nani alivunja ndoa, wakatosha na lile la sababu nzuri. Tangu hapo, aliye na kadi ya masharti na ndoa yake ikavunjika kwa divorsi anaweza kuandika peke yake, akionyesha kwamba siku ya ndoa nia ilikuwa ya kweli. Mwaka uleule waliongeza mlango kwa aliyepigwa ao kuteswa. Lakini muone: yote hayo ni kwa mtu ambaye amekwisha kupata kadi. Yule ambaye dosie yake ingali mezani, ambaye bwana bado hajaenda naye kwenye mahojiano, ao bwana ambaye kwa makusudi hajaweka dosie hata moja ili amushike vizuri, huyo sheria ya 1990 haikumugusa.

Huyo alingoja mpaka tarehe 13 Septemba 1994, siku Prezida Clinton alipotia sahihi sheria ya kupinga ujeuri juu ya wanawake. Hapo mwenye kuombewa aliweza kuwa mwenye kuomba: bibi anayeteswa na bwana raia, ao bwana mwenye kadi ya kukaa daima, anaandika ombi lake mwenyewe, kwa siri, bila bwana kuambiwa. Mwanaume anayeteswa anaweza vilevile, hata kama jina la sheria linasema wanawake. Lakini lilibaki shimo moja: siku ya kuweka ombi lile, walipashwa kuwa wangali katika ndoa. Bwana aliyesikia harufu ya jambo hilo alikimbia kutafuta divorsi ya haraka, na bibi akakuta mlango umefungwa. Shimo hilo lilifukiwa tarehe 28 Oktoba 2000: aliyeteswa anaweza kuomba ndani ya miaka miwili nyuma ya divorsi, akionyesha kwamba kuachana kulihusiana na mateso.

Nieleze kwa haraka habari ya mjane, juu inaonyesha vizuri jambo hili. Kwa miaka mingi, raia akikufa wakati ndoa haijafika miaka miwili na dosie haijajibiwa, mjane alihesabiwa sawa mtu aliyeachwa: ndoa imeisha, ombi limeisha. Watu walizika bwana asubuhi na kupokea barua ya kufukuzwa nyuma yake. Korti ya rufaa ya magharibi ilipinga mwaka wa 2006 katika kesi ya Freeman, na tarehe 28 Oktoba 2009 sheria ilitosha sharti la miaka miwili. Leo kifo hakiui dosie ya mjane ambaye hakuwa ametengana na mumewe kisheria na hajaolewa tena. Divorsi ingali inaiua.

Basi turudi kwa yule mwenye swali. Dosie yako ingali inangoja, kadi haijatoka. Umegombana, umehama: kwa sheria ungali katika ndoa, na ombi lingali linasimama, ijapokuwa ofisa atauliza maswali makali na mwenye kuomba anaweza kuliondoa wakati wowote. Hukumu ya divorsi ikitoka mbele ya kadi: ombi linakataliwa, na kama lilikuwa limekwisha kukubaliwa, linafutika lenyewe, hata ofisa asipoandika neno. Umelipa, umepimwa na daktari, umefanya mahojiano, hayo yote hayabadilishi kitu. Tofauti iko kwa aliyeteswa, kama nilivyosema. Kadi ya masharti ikiwa imekwisha kutoka, hapo uko na njia ya kuandika peke yako. Na kadi ya miaka kumi ikiwa mkononi, divorsi peke yake haiichukui. Itachelewesha uraia, juu ile njia fupi ya miaka mitatu ni ya anayeishi na bwana ao bibi raia, na wewe utangoja mitano.

Kuna upande wa pili ambao watu wa kwetu hawaujui, na raia wengi vilevile hawaujui. Mwenye kuomba anatia sahihi karatasi ya kukubali kumusaidia mwenzake kwa feza. Tangu sheria ya 1996, karatasi hiyo ni mkataba ambao korti inaweza kuutumia. Ikishaanza kazi siku ya kadi, divorsi haiimalizi. Inaisha mgeni akipata uraia, ao akihesabiwa robo 40 za kazi, karibu miaka kumi, ao akiacha kadi na kutoka inchi, ao mmoja akikufa. Raia anayesema "nimemuacha, tumemalizana" anaweza kushangaa mbele ya jaji.

Na jambo moja ninalolisema kwa uzito. Hasira ya kuachana inaandikisha watu barua. Bwana anaandika kwa ofisa: naondoa ombi, na kusema kweli alinioa kwa ajili ya makaratasi. Ofisa akipata ushahidi wa kutosha kwamba ndoa ilikuwa ya udanganyifu, yule mgeni hataweza kukubaliwa tena kwa ombi lolote la kijamaa ao la kazi, hata kama kesho ataolewa kwa ndoa ya kweli na kuzaa watoto watano. Barua moja ya hasira siyo ushahidi wote, lakini inaingia katika dosie na haitoki. Vilevile kwa anayetunga ndoa ya uongo: tangu 1986 adhabu inaweza kufika miaka mitano ya gereza na faini ya dola 250 000.

Sasa huku kwetu. Katika miaka ya hivi karibuni Wakongomani walikuwa kati ya makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi ni watu wa Kiswahili, waliopita Nyarugusu, Nakivale, Kakuma. Mtu aliyefika kama mkimbizi anaweza kumuitia bibi ao bwana aliyebaki nyuma, akiweka ombi ndani ya miaka miwili ya kufika. Ndoa inapashwa kuwa ilikuwako mbele ya yeye kuingia Marekani, na iwe ingaliko siku ya jibu. Ni yaleyale maswali mawili, kwa karatasi nyingine.

Na hapo njo desturi yetu inagongana na dosie. Kwetu wazee wanakaa, ngombe wanarudishwa ao hawarudishwi, bibi anarudi kwa baba yake, na kila mtu katika mtaa anasema wameachana. Lakini kitabu cha sheria za jamaa cha inchi yetu, ile sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, kinasema divorsi inatolewa na korti tu. Kurudisha mahari hakuvunji ndoa iliyoandikwa. Basi dada aliyeachana na bwana wa kwanza mbele ya wazee, kisha akaolewa na kijana wa Texas kwa harusi kubwa, anaweza kufika kwa konsuli Kinshasa na kuulizwa hukumu ya kuvunja ndoa ya kwanza. Kama haiko, ndoa ya pili haina msingi, hata kama upendo uko na picha ziko. Na yule anayetaka kujua kama dosie yake imekufa juu wazee walikaa wiki iliyopita, jibu ni kwamba wazee hawakugusa kitu katika dosie ile.

Mlango wa divorsi kwetu ni tribinali de pe. Anayeomba anapashwa kuonyesha kwamba ndoa imeharibika mpaka haiwezi kutengenezwa, na jaji anaanza kwa kuwaita wote wawili ajaribu kuwapatanisha. Hapo miezi inapita. Katika miezi ile yote, mbele ya sheria ya Congo na mbele ya ofisa wa Marekani, hao ni bwana na bibi, na tarehe itakayohesabiwa ni ile ya hukumu iliyokwisha kuwa ya mwisho.